Vibao Tisini na Tisa

Magoti ya Inspekta Ranmali Welikala yalianza kulalamika kabla hata hajachuchumaa. Alishika ukingo wa kabati la vitabu, akajishusha polepole, akatulia hapo kwanza apate pumzi. Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu, na kila siku ya miezi hiyo aliihisi kwenye viungo vyake.

"Jiffry, nipe tochi."

"Mchana wote huu, afande?"

"Chini ya kabati hakuna mchana."

Sajenti Jiffry, mtu mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alimpa. Ranmali akamulika. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyong'arishwa kwa nta mwaka baada ya mwaka, na miguu minne ya kabati ilikuwa imeacha alama nne za mviringo pale iliposimama siku zote. Sasa miguu haikuwa juu ya alama zake. Ilikuwa imepishana nazo kwa upana wa kiganja, na kando yake palikuwa na mkwaruzo mpya.

"Limesogezwa," alisema.

"Na aliyelirudisha alikuwa na haraka."

"Au kiwewe. Ninyanyue."

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Jumapili jioni, katika sebule hiyo hiyo ya nyumba ndogo ya Dehiwala, hatua chache kutoka reli ya pwani, mzee Cuthbert Rodrigo alikutwa amelala chali, kisogo kwenye ukingo wa ngazi ya kuteremkia barazani. Alikuwa na miaka sabini na sita. Riziki yake aliipata kwa kusahihisha makosa ya gazeti, lakini roho yake ilikuwa kwenye mchezo wa maneno: ule wa vibao mia vya herufi vinavyochotwa mfukoni na kupangwa ubaoni kuwa maneno ya Kiingereza. Tena si Kiingereza cha dukani wala cha ofisini. Ni maneno ambayo Mwingereza mwenyewe akiyasikia atadhani umekohoa.

Ripoti ya daktari Ranmali aliisoma garini, akatamani asingeisoma. Mzee alisukumwa; alama za vidole zilionekana kifuani. Wala hakufa papo hapo. Damu ilivuja taratibu ndani ya fuvu, akaishi nusu saa, pengine dakika arobaini, hana fahamu lakini anapumua. Angewahishwa hospitali, huenda leo angekuwa anawasumbua wauguzi.

"Mimi nasema ni yule mpwa," Jiffry alisema, akifuta jasho shingoni. "Kabati limesogezwa kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinatafutwa. Mzee hana mtoto. Nyumba iko pwani. Hati ya nyumba huwekwa wapi? Nyuma ya kabati."

"Yako umeweka nyuma ya kabati?"

"Mimi ni mpangaji, afande."

Ranmali alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu juzi. Alikuwa anampenda Jiffry, ingawa hajawahi kumwambia.

Mpwa, Shenal Rodrigo, alikuwa uani akifunga vitambaa vyeupe vya msiba kwenye kamba ya kwenda kufungwa getini. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini, na macho yake yalikuwa mekundu. Alipoona askari wawili wanamjia, aliacha vitambaa vikaanguka.

"Mwili mtatupa lini, mama?" aliuliza. "Watu wananiuliza nami sina la kujibu."

"Kesho. Hati ya nyumba hii iko wapi?"

"Benki. Tangu mke wa anko afe." Alimtazama Jiffry, akamrudia Ranmali. "Aa. Kumbe tuko huko."

"Tuko kila mahali," Ranmali alisema. "Jumapili ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro. Nilitoka kazini saa kumi na moja na nusu, pale mlangoni kuna kamera, nendeni mkatazame. Nimefika nimemkuta hivyo. Nimewapigia ninyi. Halafu nikampigia Anko Devendra, ndiye rafiki yake mkubwa wa mchezo."

"Kabati la vitabu nani kalisogeza?"

"Lile? Lile halisogezwi, mama. Linahitaji mtu mwenye sababu."

Ranmali aliliweka neno hilo akilini. "Wewe unacheza?"

Shenal alicheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha. "Mimi? Nilifukuzwa mezani nikiwa na miaka tisa. Niliulizwa neno nililoliweka maana yake nini, nikashindwa kulieleza. Anko alikuwa hivyo. Wenzake wote wanakariri tu, wanamwaga maneno mezani kama watu wanaotapika. Kwake yeye lazima ujue maana. Maneno mengine yaliwachekesha, kama ule mtalipoti wetu, mti wa jamii ya mnazi, ulioingia kamusi ya Waingereza kwa jina lake. Mengine, mama, hata sijui nani aliyatunga."

"Na Bwana Devendra alipofika?"

"Alisimama hapo nje, kwenye maua ya araliya. Ninyi mlikuwa mshaingia. Hakukanyaga ndani. Alilia kama mtoto, mpaka mimi ndiye niliyembembeleza."

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, simu ya Ranmali ililia. Alikuwa mkuu wa kituo. Ranmali aliiweka mbali kidogo na sikio, kwa mazoea.

"Welikala, yule msichana anatimiza saa ishirini na nne mahabusu leo saa tisa. Nataka asimame mbele ya hakimu akiwa na shitaka, siyo hadithi."

"Bado kuna jambo halijakaa sawa, bosi."

"Alikuwa wa mwisho kuonekana na mzee. Kakutwa na daftari la maneno la mzee kwenye begi. Unataka nini tena, picha ya ukumbusho?"

"Nataka mpaka saa tisa."

"Saa tisa," mkuu alisema, akakata.

Msichana mwenyewe, Yalini Sathasivam, alikuwa na miaka ishirini na nne, mwalimu wa masomo ya jioni, na baada ya wiki tatu alikuwa asafiri na timu ya taifa ya mchezo huo wa maneno kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akipelekwa rumande leo, safari imekufa, na kazi yake nayo, maana hakuna mzazi atakayempa mtoto mwalimu aliyetoka jela. Ranmali aliyajua haya yote, na yalimchosha kuliko magoti.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, feni moja iliyozunguka kwa uvivu, na joto la kutosha watu kumi. Yalini aliletwa akiwa na nguo zile zile za jana, nywele amezifunga kwa kipande cha uzi. Juu ya meza palikuwa na daftari: jalada gumu jeusi, mgongo umeshonwa upya mara mbili, kurasa zimejaa mwandiko mdogo ulionyooka. Miaka arobaini ya maneno.

"Kula kwanza," Ranmali alisema, akimsukumia mkate wa samaki na chai ya tangawizi.

"Sina njaa, afande."

"Mimi pia sikuwa nayo, nikala miwili. Haya niambie. Hili daftari."

"Alinipa. Jumapili. Nimeshawaambia mara nne."

"Mara ya tano haitakuua."

Yalini alivuta pumzi. "Nilifika saa nane. Tulicheza michezo miwili. Tulipomaliza akasema mkono wake siku hizi unatetemeka, hawezi kuandika tena, kwa hiyo nichukue mimi niendeleze. Nikakataa. Akasema nisipochukua atalitupa relini. Nikalichukua. Nikaondoka saa kumi. Alinisindikiza mpaka getini, kajifunga kiunoni sarong yake ile ya bluu, akanipungia."

"Nani mwingine alilitaka?"

"Kila mtu." Alisita. "Bwana Devendra zaidi. Alikuwa mwanafunzi wake miaka ishirini iliyopita. Watu wanasema aliahidiwa. Lakini yeye ni bingwa mara saba, mwamuzi mkuu wa chama. Anajua maneno yote yaliyomo humo na mengine. Anataka daftari la nini?"

Ranmali alilifungua daftari popote. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja. "Ai," alisoma. "Herufi mbili tu. Ni nini?"

"Mnyama wa Amerika Kusini. Analala mchana kutwa akining'inia mtini, hana habari na mtu."

"Mungu kampendelea," Ranmali alisema, na alimaanisha. "Na hili? C, W, M. Wamesahau irabu?"

"Ni bonde la mlimani lililochimbwa na barafu. Na hiyo ya chini, zax, ni shoka la kuchongea mawe ya kuezekea paa." Kwa mara ya kwanza sauti ya msichana ilipata uhai. "Anko Cuthbert alisema kila neno ni kitu ambacho mtu fulani, mahali fulani, alikihitaji. Ukilitumia bila kumjua umemwibia."

Ranmali alilifunga daftari. Kisha, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda, alichukua mfuko wa kitambaa cha kijani uliokuwa kwenye kiti cha pembeni, mfuko wa marehemu, akaumimina mezani. Vibao vilitapakaa kwa mlio mkavu.

"Nimevichanganya," alisema. "Nipangie nihesabu. Mimi sijui mnavyofanya."

Hakuwa na haja ya kusema mara mbili. Vidole vya Yalini vilikwenda vyenyewe. Aligeuza kila kibao, mgongo juu, akavipanga safu ya vitano, chini yake vitano, mpaka mraba wa ishirini na tano ukatimia. Mraba wa pili. Wa tatu. Hata hakuwa akitazama. Alikuwa akimweleza Ranmali kwamba ndivyo wachezaji wote wanavyofanya kabla na baada ya mchezo, miraba minne ya tano kwa tano, ukiona tundu unajua kuna upungufu, huna haja ya kuhesabu moja moja.

Mraba wa nne ulibaki na tundu.

Yalini alinyamaza katikati ya sentensi. Alitazama tundu. Akainua mfuko, akaupindua nje ndani, akaukung'uta. Akainama chini ya meza. Akaondoa kiti. Akajikung'uta sketi. Kisha, mbele ya macho ya inspekta wa polisi, msichana aliyebakiza saa nne apelekwe rumande alipiga magoti kwenye sakafu chafu ya kituo, akaanza kupapasa kwa mikono.

"Kimeanguka, afande, hebu inua mguu wako."

"Acha tu, Yalini."

"Tulihesabu Jumapili, vilikuwa mia! Mimi mwenyewe nilivihesabu, Anko akafunga mfuko akautundika msumarini. Subiri." Alirudi kitini, akaanza kugeuza vibao vyote uso juu, akiviweka kwa mafungu, midomo ikicheza bila sauti. Ilimchukua dakika tatu nzima. "Ni Z," alisema mwishoni, karibu kulia. "Z haipo. Mmeipoteza Z ya Anko."

Ranmali alimtazama kwa muda. Kitu kilikuwa kimeanza kukaa sawa kichwani mwake, taratibu, kama kiti kizito kinachoburutwa.

"Mngekuwa nyumbani, mngefanyaje?"

"Tungekitafuta."

"Na kama mna haraka?"

"Haraka gani? Huwezi kuondoka na tisini na tisa, afande. Hakuna mchezaji anayeweza. Mwaka juzi ukumbi ulishika moto jikoni, watu wanatoka mbio, mwenzetu mmoja yuko chini ya meza anatafuta kibao. Tulimtoa kwa kumvuta miguu."

Ranmali alitoka nje. Jiffry alikuwa kwenye korido akila mkate wa samaki wa msichana, ule uliokataliwa.

"Nipe ile bahasha," Ranmali alisema.

Ilikuwa bahasha ndogo ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kibao kimoja cha mbao chenye herufi Z. Askari waliomwinua marehemu Jumapili walikikuta kimenasa kwenye shati, chini ya mgongo. Walikiandika kwenye orodha, wakakiweka kando. Hakuna mtu wa nje aliyeambiwa, si kwa ujanja wowote, ila kwa sababu hakuna aliyeona kina maana.

"Sikiliza, kisha unipinge," alimwambia Jiffry. "Saa kumi vibao mia vimo mfukoni, mfuko uko msumarini. Kisha mtu anakuja. Mzee anautoa mfuko. Wanagombana, mzee anasukumwa, mfuko unamwagika, na yeye anaangukia kibao kimoja. Sisi tumefika tumekuta nini?"

"Mfuko msumarini. Sakafu safi."

"Kwa hiyo kuna mtu aliokota vibao tisini na tisa."

"Ili ionekane hapakuwa na ugomvi. Hilo naelewa." Jiffry alimeza. "Kabati je?"

"Alivihesabu."

Jiffry aliacha kutafuna. "Afande. Mtu kaua, badala ya kukimbia anakaa kuhesabu vibao?"

"Hakukaa kuhesabu. Mikono yake ilimhesabia. Na ilipofika tisini na tisa, akashindwa kuondoka. Akakitafuta. Alikitafuta mpaka akasogeza kabati ambalo halisogezwi."

"Basi ni mchezaji. Basi ni yeye huyu huyu." Jiffry alionyesha mlango wa chumba. Hakufurahi kusema hivyo.

"Huyu nimempa tisini na tisa, akapiga magoti sakafuni kutafuta. Hakujua kimoja hakipo. Angekuwa ndiye, angejua tangu Jumapili." Ranmali alijifuta uso kwa kitambaa. Alijisikia mzee. "Niitie Bwana Devendra. Mwambie tunahitaji mtaalamu atusaidie. Kwa adabu."

Upali Devendra alifika saa nane kasoro robo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai nyeusi ya msiba. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye sauti laini ya mtu aliyezoea kuamua mabishano ya wengine. Chini ya macho yake palikuwa na weusi wa mtu asiyelala.

"Chochote, Bi Inspekta," alisema. "Alikuwa baba yangu wa pili."

"Pole sana. Ulifika kwake mara ya mwisho lini? Ndani ya nyumba?"

"Ndani? Kabla ya mwaka mpya wetu wa Aprili. Tangu hapo tulikuwa tunaonana klabuni tu. Jumapili niliishia barazani, Shenal atakwambia."

"Ameniambia." Ranmali alilifungua daftari. "Nataka kuelewa kitu hiki kina thamani gani. Hili neno, C, W, M. Maana yake nini?"

"Linakubalika. Alama kumi kabla ya nyongeza za ubaoni."

"Maana yake."

Devendra alitabasamu kwa subira. "Bi Inspekta, mtu akipinga neno tunakwenda kwenye kompyuta. Tunaliandika. Inasema ndiyo, au inasema hapana. Haielezi zaidi ya hapo. Nina maneno laki na zaidi kichwani. Ningejifunza na maana zake, ningeishi lini?"

"Na hili? Zax?"

Kope za Devendra zilipepesa mara moja. "Linakubalika."

"Kumbe hulihitaji daftari hili."

"Silihitaji."

"Lakini uliahidiwa."

Feni ilizunguka. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu," alisema hatimaye. "Alisema siku atakayoshindwa kuandika, nitaandika mimi. Watu wazima husema mengi."

Ranmali aliitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye swali lake limekwisha. Akauchukua mfuko wa kijani, akaumimina mezani. "Nisaidie na hili la mwisho, nikuachie uende. Nataka kuwaeleza wakubwa zangu jinsi mnavyohesabu. Wao wanadhani mnacheza tu."

Mikono ya Devendra ilikuwa ya bingwa kweli. Vibao viligeuka migongo juu vikateleza mahali pake kwa kasi ambayo macho hayakuifuata. Mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mraba wa nne ukafika mwisho ukabaki na tundu kwenye kona. Hapo mikono ikasimama.

Hakutazama chini. Hakuutikisa mfuko. Alikunja vidole, akaviweka kwenye ukingo wa meza. "Basi hivyo," alisema.

"Hapa pamebaki wazi."

"Vibao vya wazee. Vya siku nyingi."

"Kwa hiyo kimepotea?"

"Kimepotea."

"Nikamnunulie Shenal kingine, kiwekwe pamoja na hivi vya mzee. Itakuwa ukumbusho," Ranmali alisema kwa uchovu wa kweli, akivuta karatasi na kalamu. "Niandike kipi?"

"Z," alisema Devendra. "Lakini Z ya mbao kama zile hutaipata siku hizi."

Ranmali aliandika herufi hiyo kwenye karatasi, akaitazama. Kisha akaigeuza karatasi ili Devendra naye aione.

"Bwana Devendra, vyote vimelala uso chini."

Devendra alivitazama vibao. Migongo tisini na tisa ya mbao, yote sawa. Kwenye kona, Jiffry aliacha hata kujipepea.

"Asubuhi hii Yalini alivipanga kama wewe," Ranmali alisema. "Alipoona tundu alipiga magoti hapo ulipoweka viatu vyako. Kisha akavigeuza kimoja kimoja, dakika tatu, ndipo akajua ni kipi. Wewe hukuhitaji. Ulishavigeuza Jumapili, mezani kwa mzee."

"Nilikwenda kumwomba tu," Devendra alisema. Sauti haikuwa laini tena. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mrefu. "Nilipitia kichochoro cha reli. Nilimpelekea biskuti. Akaniambia daftari kalitoa, saa ile ile, hata chai yao haijapoa. Akasema, 'Upali, wewe ungelifanyia nini? Wewe unakula maganda unatupa tunda.' Halafu akachukua mfuko, akasema tucheze, hasira zitaisha. Tucheze! Miaka ishirini na mitatu, halafu tucheze. Nikamsukuma. Sikutaka aanguke. Nilitaka aache kutabasamu."

"Kisha ukaokota."

"Nilidhani amekufa. Nikasema vikiwa chini watajua. Nikaokota, na nilipokuwa nahesabu..." Alifumba macho. "Nilitafuta kila mahali. Chini ya viti. Kwenye kapeti. Nikasogeza lile kabati, mgongo unaniuma mpaka leo. Nilikaa pale labda nusu saa. Nilijua napaswa kuondoka, nikawa siwezi. Sijalala tangu siku ile, Bi Inspekta. Nikifumba macho naona tundu."

Ranmali alitoa bahasha ya kaki, akaiinamisha. Z ikaanguka mezani.

Mkono wa Devendra ulikwenda wenyewe. Ulikichukua kibao, ukakigeuza mgongo juu, ukakisukuma kwenye kona mpaka mraba ukatimia.

"Mia," alisema, na mabega yake yakashuka. Ilikuwa pumzi ya mtu anayepata nafuu, na Ranmali alimwonea huruma, jambo ambalo hakulitegemea. "Kilikuwa wapi?"

"Chini ya mgongo wake."

"Sikutaka kumgusa."

"Najua," alisema Ranmali. "Ungemgeuza, ungekipata mara moja. Na ungemsikia anapumua."

Devendra hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa. Mikono yake ikaondoka kwenye vibao, ikaenda chini ya meza, ikabaki huko. Jiffry alimsomea haki zake kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Ranmali alimpigia mkuu wa kituo, akasema maneno sita, akakata yeye kwanza. Magoti yalimuuma mpaka kwenye nyonga. Alikwenda na daftari hadi mwisho wa korido, ambako Yalini alikuwa anarudishiwa mkanda wake, saa na begi.

"Lako," alisema. "Usisahau kula."

Yalini alilipokea daftari kwa mikono miwili. Hakuuliza nani. Alikuwa ameona Devendra akipita kati ya askari wawili, na uso wake ulikuwa umepauka. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, akageuka. Ranmali alijua swali kabla halijatoka, kwa maana sasa aliwajua watu hawa.

"Z, afande. Mmeipata?"

"Tumeipata."

"Ilikuwa wapi?"

Ranmali alimtazama yule msichana, na daftari alilolibana kifuani.

"Chini ya kabati," alisema.